Kimo cha Patrisi

Juu ya Karatu, pale mashamba ya ngano na maharage yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza, kuna kitongoji ambamo kila jambo lisilofika mwisho lilikuwa na jina moja. Posa ikivunjika, watu walisema huo ni mfereji wa Patrisi. Nyumba ikisimama kwenye lenta miaka na miaka bila bati, mfereji wa Patrisi. Hata padre alipoanza mahubiri asijue pa kuyamalizia, wanakwaya wa sauti ya nne walitekenyana mbavuni wakinong'ona, "Mfereji, mfereji."

Mwalimu Selina, mjane wa huyo Patrisi, aliyasikia yote hayo akanyoosha shingo na kupita. Alikuwa binti wa Endamarariek aliyesomeshwa na masista, akafundisha hisabati hadi alipostaafu, na hakuna aliyewahi kumwona nje ya ua wake katika kitenge kisichopigwa pasi. Aliamini kwamba jina la familia ni kama kitambaa cha altare: halitetewi kwa kelele, linafuliwa. Shida ni kwamba doa hili lilikuwa bado halijapata sabuni yake.

Doa lenyewe liliingia hivi. Patrisi, enzi za uhai wake, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akatamka kwamba maji ya chemchemi ya msituni yanaweza kutiririka yenyewe, bila mashine, hadi kilima cha kanisa. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Kwa macho, kilima kilikuwa juu na chemchemi chini. Hata kuku angeona. Patrisi akawajibu kwamba macho ni shahidi mlevi. Akatafuta mpira mrefu unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi ujenzi huujaza maji ili kulinganisha kona za msingi, akatembea nao kutoka kilimani hadi msituni, kipande kwa kipande, akipigilia vigingi. Aliporudi alisema neno moja tu: "Yanafika."

Wakachimba. Mfereji ulikuja vizuri, ukavuka korongo juu ya magogo yaliyochongwa, ukafika mbele ya shamba la jirani yake Tluway. Hapo, kwa sababu ambazo Tluway mwenyewe siku hizi hapendi kuzikumbuka, ukapinda ghafla kuzunguka tuta. Maji yalifika kwenye tuta lile, yakatulia, yakafuga vyura.

"Maji yana akili kuliko Patrisi," Tluway akasema siku hiyo, na kijiji kizima kikalichukua neno lake kama kimepewa zawadi.

Patrisi alifariki doa likiwa bado bichi. Selina alibaki na jambo moja alilolijua kwa hakika: mume wake hakuwahi kusema uongo kuhusu kipimo. Kuhusu mambo mengine, kama vile alikokuwa akichelewa siku za mnada, hayo ni ya familia na yatabaki katika familia.

Kwa hiyo gari la watu wa maji liliposimama mbele ya ofisi ya kijiji, akashuka binti mwembamba mwenye kofia pana na buti zilizojaa vumbi, Selina alikuwa wa kwanza kumpokea. Binti aliitwa Doreen, naye ni mpimaji wa ardhi. Alikuja kupima kutoka kilima cha kanisa hadi chemchemi ile ile, ijulikane kama bomba linaweza kuleta maji yenyewe. Kazi ya Doreen ilikuwa bomba. Kwa Selina ilikuwa kesi. Kipimo kikisema ndiyo, Patrisi atakuwa ameshinda akiwa kaburini. Kikisema hapana, doa litakuwa limepigwa muhuri.

"Karibu kwanza ule," alisema. "Mtu hapimi kilima na tumbo tupu."

Alimwandalia ugali, maharage na maziwa mgando. Alimwacha ashibe. Kisha akavuta kiti.

"Sasa, mwanangu, kabla hujaanza kunitajia namba, nipe maneno. Namba isiyo na maneno ni ulaghai. Kimo cha mtu tunakipima kutoka miguuni. Kilima hakina miguu. Mnakipima kutoka wapi?"

Doreen akacheka. "Ndiyo maana tunaanzia kwenye benchimaki, Mama. Ni alama isiyosogea, ambayo kimo chake kinajulikana tayari. Hapa ipo moja, kile chuma kilichochomoza kwenye msingi wa ofisi ya kijiji."

"Kile wanachofungia mbuzi?"

"Kwa bahati mbaya, hicho hicho."

"Na bado hakijasogea?"

"Mbuzi hawajakiweza."

Selina akatikisa kichwa kwa heshima, si kwa mbuzi bali kwa chuma. "Endelea."

"Halafu kuna leveli. Ni darubini juu ya miguu mitatu. Haijui kupanda wala kushuka. Ukilikalisha povu lake katikati, inatazama mbele tu, sawasawa, kama mtu mwenye shingo ngumu."

"Kama Tluway."

"Simjui huyo, Mama."

"Utamjua."

"Huo mstari inaoutazama tunauita mstari wa macho. Mtu anasimamisha rula ndefu juu ya benchimaki, mimi nasoma namba pale mstari unapoikata rula. Hiyo inaitwa kusoma nyuma, maana natazama ninakotoka. Kisha mwenye rula anapita, anakwenda mbele, nasoma tena. Hiyo ni kusoma mbele. Tofauti ya hizo mbili inaniambia nimepanda au nimeshuka, na kiasi gani."

"Namba ya mbele ikiwa kubwa?"

"Rula imezama bondeni. Nimeshuka."

"Kumbe ni kinyume cha mtihani. Namba ikipanda, umeanguka." Selina alilipenda hilo. "Na mwisho wa kazi?"

"Mwisho ni kufunga. Ukishafika, unapima kurudi hadi pale ulipoanzia. Benchimaki ikikupa kimo kile kile ulichoondoka nacho, umefunga. Isipokupa, ujue kuna mahali umedanganywa."

"Kufunga," Selina akarudia taratibu. "Unakwenda kokote, lakini unarudi ulikoanzia ukaguliwe. Neno hilo lilifaa liingizwe kwenye kiapo cha ndoa."

Mshika rula alipatikana bila kutafutwa. Alikuwa Remigius, mdogo wake Patrisi, aliyewahi kulinda geti la hoteli ya watalii na kuondoka na miwani nyeusi ambayo tangu hapo haikutoka usoni, si kanisani wala msibani. Alishika rula kama mkuki wa jemadari, mkono mmoja kiunoni.

"Wima!" Doreen alipiga kelele kutoka kwenye darubini. "Kaka, simamisha wima! Rula ikilala inasoma uongo!"

"Iko wima kabisa!"

"Wewe ndiye uko wima! Rula imelala!"

"Shemeji," Selina alisema kwa sauti ya darasani, "vua hiyo miwani uone dunia ilivyo."

"Jua, Mwalimu."

"Jua liko nyuma yako."

Siku hiyo walipima kwanza kutoka ofisini hadi kilima cha kanisa, kisha wakashuka kutoka ofisini, kusoma nyuma, kusoma mbele, hadi kando ya njia ya mifugo, jirani na geti la Tluway. Hapo Doreen alichimbia jiwe, akalizungushia zege, akapaka juu yake nukta nyekundu. Akapanga na mawe machache pembeni ili ng'ombe wasilikanyage. Hiyo ilikuwa benchimaki ya muda. Kutoka hapo kazi ingevuka korongo kwenda msituni.

"Ila nimeitwa Kansay, Mama, kuna kazi imekwama huko," alisema akikung'uta mikono. "Nitarudi baada ya mnada. Zege hili lifunikwe nyasi mbichi na kumwagiwa maji kila asubuhi, lisije likapasuka. Nimwachie nani?"

Remigius alikuwa ameshafungua kinywa. Selina akamtangulia. "Mimi."

Ndipo ikawa kila asubuhi, kabla umande haujakauka, Mwalimu Selina anashuka njiani amevaa kitenge cheusi cha ujane na kilemba cheupe, mkononi jagi la maji. Anaondoa nyasi za jana. Anamimina maji polepole juu ya jiwe. Anaweka nyasi mpya, mbichi, akizipanga kwa vidole. Kisha anasimama na kukariri yale maneno asiyasahau, macho yamefumbwa, midomo ikichezacheza: benchimaki, mstari wa macho, kusoma nyuma, kusoma mbele, kufunga.

Tluway alimtazama kutoka getini kwake, mikono juu ya mti wa geti. Alikuwa mzee mkubwa wa mwili, mwenye shamba zuri na ulimi mzuri zaidi.

"Saita, Mwalimu!" alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Limeota?"

"Likiota nitakuletea mbegu, Tluway. Naona shamba lako siku hizi linazaa maneno matupu."

"Mwagilia tu, dada yangu! Labda safari hii mawe yatapanda mlima!"

Asubuhi moja wafugaji wa Endulen walipita wakienda mjini kuulizia bei kabla ya mnada. Mkubwa wao, mtu mrefu aliyejifunga lubega nyekundu na kushika fimbo nyembamba, alimwona Selina akimimina maji, akainua mkono. Wenzake wote wakasimama. Walisubiri pale kimya, mbali kidogo, mpaka alipofumbua macho.

"Yeyo," mkubwa wao alimsalimu kama mtu anavyomsalimu mama yake mzazi, "takwenya."

"Iko," Selina akaitika, maana adabu ya salamu za jirani aliijua, na akashika njia ya nyumbani akiwaza jinsi watu wa Endulen walivyolelewa vizuri kuliko baadhi ya watu wenye mageti. Nyuma yake aliwasikia wakimwuliza Tluway jambo, na Tluway akijibu kwa sauti nzito kama ya katekista. Hakugeuka. Mwanamke wa heshima hageuki nyuma.

Zege lilipokomaa, alikwenda zake Endamarariek kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Mnada ukapita akiwa huko. Alirudi siku ile ile Doreen aliporudi kutoka Kansay, akamkuta ameshaanza kazi tangu alfajiri. Leveli ilikuwa imesimama ng'ambo ya korongo, na Remigius alikuwa ametumwa peke yake kuiweka rula juu ya jiwe lenye nukta. Mahindi yalikuwa marefu upande ule; kutoka kwenye darubini Doreen aliona nusu ya juu ya rula tu, imenyooka vizuri.

"Tayari?" alipaza sauti.

"Tayari!" Remigius akajibu.

Wakaenda hivyo hadi chemchemi. Jioni Doreen alikaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji akijumlisha na kutoa, na watu wakajikusanya kama wanasubiri matokeo ya uchaguzi. Tluway alikuja amevaa koti.

Doreen alipoinua kichwa, hakumtazama Selina machoni.

"Chemchemi iko chini ya pale tunapotaka kuweka tangi kilimani," alisema. "Si kwa mengi. Shubiri moja hivi."

"Shubiri!" Tluway akapiga kofi paja lake. "Yaani Patrisi alikosa kwa shubiri! Nilisema mimi? Maji yana akili!"

Kicheko kikazunguka ofisi. Selina alihisi masikio yake yakipata moto, lakini mgongo wake haukuinama hata kidogo. Alisubiri kicheko kiishe, kama anavyosubiri darasa litulie.

"Umefunga?" alimwuliza Doreen.

"Bado, Mama. Kesho."

"Basi hayo si majibu. Ni uvumi wenye desimali." Akawageukia wengine. "Nendeni mkapike. Kesi haijafungwa."

Kesho yake walipima kurudi: kutoka chemchemi, kuvuka korongo, hadi kando ya njia, ambako Doreen alipita na darubini ndani ya mahindi bila kuliona jiwe lenyewe, kisha kupanda hadi ofisini. Remigius, ambaye kwa kawaida hukaa na watu, siku hiyo alitembea mbele sana, kama ana haraka ya kufika mahali asipopataka. Rula ilipowekwa kwa mara ya mwisho juu ya chuma cha ofisi, Doreen aliandika, akakokotoa, akafuta, akakokotoa tena. Akatoa kofia.

"Haifungi."

"Inasemaje?" Selina akauliza.

"Inasema chuma hiki kiko chini kuliko kilivyokuwa nilipoanzia. Chini sana. Hivi." Akaonyesha kwa kiganja, juu kidogo ya goti lake.

Selina akatazama ukuta wa ofisi kuanzia chini hadi kwenye bati. "Mwenyekiti," akamwita yule aliyekuwa amekaa mlangoni, "ofisi yako imezama ardhini tangu mpimaji alipoanza kazi. Hukuhisi chochote?"

Mwenyekiti akatazama miguu yake kwa wasiwasi wa kweli.

"Haijazama," Doreen alisema huku akitabasamu kwa shida. "Nimedanganywa mahali."

Macho yote yakaenda kwa mtu mmoja, ambaye aligundua kwamba miwani nyeusi inazuia jua lakini haizuii kuonekana.

"Shemeji," Selina alisema kwa upole wa kutisha, "jana rula uliisimamisha wapi?"

"Kwenye jiwe, Mwalimu."

"Jiwe lenye nukta?"

"Jiwe... lilikuwa kwenye mawe."

"Nukta uliiona?"

Remigius akavua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na yenye aibu, kama ya mtu aliyeamshwa. "Kulikuwa na mawe mengi mno. Sikutaka kusema mimi wa ukoo wa Patrisi nimepotewa na jiwe. Nikaiweka pale juu kabisa, kwenye bapa. Ilikuwa wima lakini! Wima kabisa! Na leo pia, pale pale."

Wakashuka wote. Na kweli, kando ya njia ya mifugo, mahali pa mawe machache ya Doreen palikuwa na rundo lililopita goti la mtu mzima, limepangwa kwa ustadi, mawe makubwa chini, madogo katikati, bapa juu. Kila uwazi ulikuwa umechomekwa nyasi mbichi. Mbele yake alikuwa amesimama yule mtu mrefu wa Endulen, anarudi kutoka mjini na punda wawili waliobeba mahindi, mkononi ameshika jiwe jingine.

Aliitwa Loserian. Alimwona Selina, akainamisha kichwa.

"Yeyo. Pole. Tulipita na ng'ombe siku ya mnada hatukukuta. Tukasema tusipite bila kumsalimu mzee."

"Mzee yupi, baba?"

"Huyu aliyelala hapa. Tulikuona unamletea maji na nyasi na kumwombea. Tukamwuliza jirani yake." Fimbo ikamwonyesha Tluway, aliyekuwa amekuja kujionea na sasa alikuwa anatafuta pa kuangalia. "Mzee huyu alitueleza vizuri. Akasema, hapo amelala Patrisi, mtu aliyeyaamuru maji yapande mlima. Na yalimtii sana, akasema. Basi kila mwenye ng'ombe aliyepita akaweka jiwe lake. Kwetu mtu wa namna hiyo hapitwi mikono mitupu."

Uso wa Tluway ukawa kama wa mtu aliyemeza nzi mbele ya askofu.

"Ilikuwa... nilikuwa..." alianza.

"Au si kweli?" Loserian akamgeukia taratibu. "Maana kwetu kumsemea uongo mtu aliyelala si mchezo. Wazee huketi kwa jambo hilo."

"Ni kweli," Tluway akasema haraka. "Kweli kabisa."

Selina akalitazama rundo. Doreen alikuwa tayari amenyoosha mkono kuondoa jiwe la juu ili aifikie nukta yake nyekundu, na Loserian alikuwa tayari amepiga hatua moja mbele.

"Binti, hapana. Jiwe likishawekwa limewekwa. Kuliondoa ni kumwambia mzee, toka."

Hapo ndipo pabaya palipokuwa. Rundo likibomolewa, kipimo kitanyooka, na huenda Patrisi akashinda. Lakini mbele ya macho ya watu wa Endulen atakuwa amefukuliwa na mke wake mwenyewe. Rundo likiachwa, ataendelea kuheshimiwa na kila mwenye ng'ombe kutoka hapa hadi kreta, na kuchekwa na kila mwenye mfereji. Na juu ya yote kulikuwa na lile la ukweli, maana mtu hawezi kusafisha jina la familia kwa maji machafu.

Akaanza na la ukweli.

"Loserian, baba, nisikudanganye. Mwili wa mume wangu uko nyuma ya nyumba yangu, chini ya msalaba. Hapa hakuna mwili. Nilikuwa namwagilia zege. Hapa tuliweka kimo, kwa sababu ya neno ambalo mume wangu alilisema mbele ya kijiji, na kijiji kikalicheka."

Punda mmoja akapuliza pua. Loserian alilipima neno hilo kwa muda, kama analinyanyua kuona uzito wake.

"Yeyo," akasema mwishowe, "zamani kwetu mwili ulikuwa wa fisi. Neno la mzee ndilo lilikuwa halina wa kulila. Kama neno lake liko hapa, basi hatujakosea pa kuweka mawe."

Selina akavuta pumzi. Na pumzi ilipoingia, hesabu nayo ikaingia.

"Doreen mwanangu. Ulipoondoka hapa kwenda chemchemi, rula ilisimama wapi?"

"Juu ya rundo, kumbe."

"Na uliporudi?"

"Juu ya rundo." Doreen akaanza kutabasamu, naye alikuwa ameshaiona.

"Basi benchimaki yako si ile nukta iliyolala huko chini. Ni kichwa cha rundo. Tafuta kimo cha kichwa kutoka ofisini, upya, na kila kitu ng'ambo ya korongo kitapanda chenyewe. Hakuna wa kugusa jiwe."

"Mama, ulikuwa unafundisha nini?"

"Hisabati. Na adabu." Kisha akaruka mbele mikono juu, maana Loserian, akiona mambo yamekwisha, alikuwa anainamia rundo. "Usiongeze! Baba, nakuomba, usiongeze kwanza! Ukiweka hilo, umeharibu tena!"

Ikawa ajabu ya kutazama. Mpimaji akapanda ofisini na leveli yake na kuanza upya. Remigius akasimama juu ya kila kituo bila miwani, rula wima kama mshumaa wa Pasaka. Na kando ya njia akabaki mtu mrefu wa Endulen, jiwe kiganjani, akingoja ruhusa ya sayansi ili amheshimu marehemu. Tluway alijaribu kuondoka kwa kisingizio cha ndama. Loserian akamwomba asubiri, na namna alivyoshika fimbo ilifanya ombi hilo likubalike.

Walipofika kwenye rundo, Remigius aliiweka rula kwenye bapa kwa mikono miwili. Doreen akasoma. Akakokotoa akiwa amechuchumaa, kitabu juu ya goti. Akaongeza ile tofauti kwenye kimo cha chemchemi.

"Yanafika," alisema.

Selina aliondoa shina la nyasi lililonasa kwenye kitenge chake.

"Chemchemi iko juu ya tangi, Mama. Dhiraa moja hivi. Si nyingi. Tukitumia bomba pana, na tangi tukiliweka upande wa chini wa kanisa, hayatakuja kwa mbio, lakini yanafika."

"Ndivyo Patrisi mwenyewe alivyokuwa akija kanisani," Selina alisema, kisha akageuka kurekebisha kilemba chake, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko kilemba kinavyohitaji. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa wa kawaida. "Sasa, baba. Weka jiwe lako."

Loserian akaliweka, akachomeka nyasi. Akajipangusa mikono, akamgeukia Tluway kwa heshima zote.

"Mzee, wewe ndiye uliyemfahamu. Siku ile tulikuwa na haraka ya mnada. Leo nina muda. Tueleze habari za mtu huyu vizuri, nikawaeleze wenzangu Endulen."

Tluway alimtazama Doreen, akamtazama mwenyekiti, akamtazama Remigius, ambaye alikuwa amevaa miwani yake tena ili afurahie kwa siri. Hakuna aliyemtupia kamba.

"Patrisi," alianza, "alikuwa mtu... mwenye msimamo."

"Sauti," Selina akamwambia.

"Mwenye msimamo! Alisema maji yatafika kilimani. Sisi tukacheka."

"Nani alianza kucheka?"

"Mimi. Akapima kwa mpira wa mafundi, peke yake. Mfereji ukachimbwa, ukaja mpaka hapa. Halafu... ukapinda."

"Kwa nini ulipinda?" Loserian akauliza, maana mtu anayeyajua mapito ya ng'ombe hapitwi na kona.

"Kulikuwa na shamba."

"La nani?"

Tluway akakohoa. "Langu. Nilikataa usipite kwenye maharage. Wakauzungusha kwenye tuta, na tuta lilikuwa juu." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo zaidi, "Yeye aliniambia tuta liko juu. Aliniambia."

"Ahaa," Loserian akasema, akacheka kicheko kirefu kisicho na ubaya. "Maji yalimtii. Aliyekataa ni wewe."

Bomba limepita sasa, moja kwa moja katikati ya maharage ya Tluway, na maji yanafika kilimani taratibu, yakisitasita kidogo mwishoni kama mtu anayejipangusa viatu mlangoni. Doreen alihamishia benchimaki yake kwenye msingi wa kanisa, kwani rundo la njiani halifai tena kwa kazi hiyo: kila mnada linakua. Watu wa kitongoji wakisema mfereji wa Patrisi siku hizi, husema wakitazama kwanza nani yuko karibu.

Kwa upande wake Tluway, siku za mnada hupenda kuwa mgonjwa. Haimsaidii. Wafugaji wanaotoka Endulen husimama getini na ng'ombe wao na kumwita kwa adabu, wapya kila safari, kwa sababu wameambiwa huko kwao kwamba mwenye habari za mzee wa maji ni yeye. Hutoka, ataachaje? Hueleza akiwa ameegemea mti wa geti, kwa haraka, akirukaruka.

Na kando ya rundo, kwenye kigoda, huwa amekaa mwanamke aliyevaa kitenge kilichopigwa pasi, jagi la maji miguuni, akisikiliza macho yamefumbwa.

"Umeruka pale kwenye tuta, Tluway," humwambia. "Rudi ulikoanzia, tufunge."